Park City wiki ya Krismasi: mgeni ana kesi gani ya kujibu?

Kuanzia Desemba 26 hadi Mwaka Mpya, mji wa Park City katika jimbo la Utah, Marekani, hufurika wageni kiasi kwamba mwenyeji mwenye shida ya maziwa huwahi dukani saa moja asubuhi au huvumilia hadi usiku. Sensa ya 2020 iliukuta na wakazi wapatao 8,400. Umekaa kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, na vituo vyake viwili vya kuteleza kwenye theluji, Park City Mountain na Deer Valley, vinaanzia mitaani kabisa. Kutoka uwanja wa ndege wa Salt Lake City ni kama dakika 40 kwa gari, njia ikiwa nyeupe. Nyeupe kwa maana yetu ya Kiswahili, kwani ikiwa nyeupe kwa theluji hesabu ni nyingine.

Malalamiko ya wenyeji hayabadiliki. Foleni ya magari inatoka nje ya mji. Kupanda lifti, yaani viti vya waya vinavyowapandisha watu mlimani, ni kusimama nusu saa. Nyumba ya jirani imegeuka hoteli isiyo na mapokezi. Tiketi ya kuteleza siku moja, ukiinunua dirishani siku yenyewe, imepita dola 300. Na kila shtaka likisomwa, anayesimamishwa kizimbani ni yuleyule: mgeni wa sikukuu, mwenye mavazi ya kukodi, asiyejua kuendesha kwenye barafu. Wapo wanaomtetea, hasa wenye maduka na mikahawa, na hoja yao ni moja: bila yeye hapa pangekuwa mahame. Ukiupitia ushahidi wa pande zote mbili kipande kwa kipande, unakuta mgeni ana kesi ya kujibu katika mambo machache kuliko anayobebeshwa. Mengi yaliyobaki yanarudi kwa wanaopanga: wanaopanga zamu, maegesho, bei na matumizi ya nyumba.

Hilo la mahame si tamathali ya usemi. Park City ulianza kama mji wa migodi ya madini ya fedha, na kufikia miaka ya 1950 migodi ilikuwa inakata roho na watu wanahama. Ni kampuni ya migodi yenyewe iliyochukua mkopo wa serikali kuu, kama dola milioni 1.25, ikafungua kituo cha kuteleza Desemba 1963. Kwa miaka michache ya muongo huo watelezaji walisafirishwa kwa treni ya wachimbaji kilomita kadhaa ndani ya mlima, kisha wakapandishwa juu kwa kambarau la kupandishia wachimbaji. Unyevunyevu wa mgodini uliwalowesha nguo, na walipotoka juu kwenye baridi nguo zikaganda. Mpango huo haukudumu. Lakini unaonyesha kiu ya mji ule. Mgeni hakuvamia kijiji kilichotulia. Aliitwa, tena kwa fedha ya kukopa.

Hadi leo anaendelea kulipa, kwa njia ambayo wenyeji wengi huisahau ikifika Desemba. Sheria ya Utah hutoza kodi ya majengo kwa asilimia 55 tu ya thamani kama nyumba ndiyo makazi makuu ya mtu, na kwa asilimia 100 kama ni nyumba ya pili. Chukua nyumba mbili pacha za dola milioni 2 kila moja, ukuta kwa ukuta. Anayeishi humo mwaka mzima anatozwa kwa thamani ya dola milioni 1.1. Jirani yake anayekuja wiki mbili za Krismasi na moja ya Februari anatozwa kwa milioni 2 nzima, wala hana mtoto katika shule ya mji. Juu ya hapo jimbo linaruhusu miji ya kitalii, ile ambayo nafasi za kulala wageni zinafikia angalau asilimia 66 ya idadi ya wakazi, kuongeza kodi ya mauzo ya asilimia 1.1, na nusu asilimia nyingine wapigakura wakikubali. Basi za mji ni za bure. Mwaka 2017 mji ulinunua Bonanza Flat, zaidi ya hekta 500 za msitu na mbuga za mlimani, kwa dola milioni 38, nyingi kati ya hizo zikiwa mkopo wa dola milioni 25 ulioidhinishwa kwa kura mwaka mmoja kabla na unaolipwa kwa kodi za majengo. Mwenyeji anayemtembeza mbwa wake kule Julai, kimya kitupu, anatembea juu ya fedha ambayo sehemu kubwa imetoka kwenye nyumba zinazokaa gizani miezi kumi.

Utetezi huo ni mzito, ila una pengo. Kodi inaingia kwenye mfuko wa mji kwa hesabu ya mwaka, na karaha inaingia kwa wiki. Tena haiwaangukii walewale. Mwenye mkahawa wa Main Street, mtaa mkuu wa mji, anapata faida ya msongamano mkononi. Dereva wa basi anayepanga chumba anaupata msongamano bila faida. Ukimwambia huyu wa pili kwamba mgeni ndiye anayemlisha, atakuuliza pango la chumba chake linapanda kwa sababu gani.

Sasa twende kwenye foleni ya lifti, ambako mgeni hulaumiwa kuliko pengine pote, na ambako tuna mfano unaojitosheleza. Desemba 27, 2024, wafanyakazi wa doria ya mlima wapatao 200 wa Park City Mountain waligoma. Walitaka mshahara wa kuanzia upande kutoka dola 21 hadi 23 kwa saa. Mgomo ulidumu hadi Januari 8, 2025, yaani ulimeza kilele chote cha sikukuu. Sehemu kubwa ya mlima ikabaki imefungwa, watu wakasimama saa nzima na zaidi kwenye lifti moja, picha zikazunguka dunia. Ukiangalia picha zile bila kujua habari ya mgomo, unasema wageni wamezidi. Ilhali waliokuja ni wageni wa Krismasi kama Krismasi nyingine yoyote. Kilichopungua ni doria.

Kwa nini watu 200 wakikosekana mlima unafunga? Kazi ya doria huanza kabla hapajapambazuka. Usiku ukinyesha theluji na upepo ukavuma, theluji mpya hurundikana upande mmoja wa kilele, juu ya tabaka la zamani lisiloshikana nayo vizuri. Alfajiri wanapanda wawili wawili. Wanarusha vilipuzi vya mkono, kimoja kina uzito wa kama kilo 1, au wanakata mteremko kwa skii, zile mbao za kutelezea, kutoka pembeni hadi pembeni, ili theluji iliyolegea iporomoke wakati chini hakuna mtu. Mmoja anafanya, mwingine amesimama mahali salama anamwangalia. Ndiyo maana hawaendi mmoja mmoja. Poromoko likishapita wanafunga kamba kwenye kingo, wanaweka alama, wanapandisha magodoro ya kinga kwenye nguzo za lifti, kwa kuwa theluji ikiongezeka nusu mita godoro la jana linakuwa magotini badala ya kifuani. Mlima ukifunguliwa saa tatu asubuhi wanageuka waokoaji. Mtu amevunjika mguu: mmoja anamhudumia, wa pili anashusha sleji ya kumbeba, wa tatu anaziba nafasi yao juu. Eneo ambalo halina watu wa kutosha kwa mambo hayo mawili halifunguliwi, hata theluji iwe nzuri namna gani na lifti inazunguka bila kasoro.

Park City Mountain ina karibu hekta 2,950, ni kati ya vituo vikubwa kabisa Marekani. Funga robo tatu ya eneo hilo uone: wageni hawarudi nyumbani, kwa sababu tiketi ya ndege imelipwa na chumba kimelipwa. Wanajibana kwenye robo iliyobaki.

Hesabu ya lifti yenyewe ni nyepesi. Kiti cha watu 4 kikiondoka kila baada ya sekunde 6, ni viti 10 kwa dakika, watu 40, yaani 2,400 kwa saa. Wakiwa wamesimama watu 1,200 chini, wa mwisho atapanda baada ya nusu saa. Lakini hapo umechukulia kwamba kila kiti kinaondoka kimejaa, na wiki ya sikukuu hakijai. Wageni huja kifamilia: baba, mama na mtoto hawataki kuchanganywa na mtu baki, na wapenzi wawili ndiyo kabisa. Wastani ukishuka hadi watu 3 kwa kiti, uwezo umekuwa 1,800 kwa saa na foleni ileile ya watu 1,200 imekuwa ya dakika 40. Ongeza kusimama. Mtoto ameanguka pale juu pa kushukia, mwendeshaji amebonyeza kitufe, sekunde 30 zimekwenda. Mara sita kwa saa ni dakika 3, ni watu 90 waliobaki chini. Dawa zake zinajulikana: njia ya pembeni kwa walio peke yao ili wajaze kiti kilichobaki wazi, watu wawili wa kupanga makundi ya wanne kabla ya geti, si getini, kupunguza mwendo wa lifti anayejifunza kuteleza anapokaribia badala ya kusubiri aanguke ndipo isimamishwe. Dawa zote tatu zinataka mikono. Mikono inataka mshahara na kitanda, nasi tutafika huko.

Kabla ya kitanda, kuna sura ambayo wenyeji hawapendi kuisoma kwa sauti. Mwaka 2021 Vail Resorts, wamiliki wa Park City Mountain tangu 2014, walitangaza kwamba lifti mbili zenye foleni kubwa zitabadilishwa: Silverlode ya viti vya watu 6 iwe ya watu 8, na Eagle iwe ya watu 6. Ofisi ya mipango ya mji ikaidhinisha. Wakazi wanne wakakata rufaa, na Juni 2022 tume ya mipango ikawapa haki: mwenye mlima hakuwa ameridhisha kuhusu maegesho na uwezo wa mlima, kama mkataba wa uendelezaji wa 1998 unavyodai. Lifti zilikuwa zimeshaagizwa. Zikapelekwa kituo kingine cha kampuni hiyo, Whistler, Kanada, na huko ndiko zinakozunguka.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Wakazi walisema lifti ni bomba: ukiongeza kipenyo cha bomba bila kuongeza pipa, maji yatamwagika pengine. Watu wanakuja kwa magari, maegesho ni yaleyale, na mlima unaosifika kwa kutokuwa na foleni huvuta magari zaidi. Kampuni ilisema lifti haimleti mtu mpya, inampunguzia aliyekwisha kuja muda wa kusimama, na kwa mwendo uleule wa viti, kutoka 6 hadi 8 ni theluthi moja zaidi ya watu wanaoondoka kwa saa. Kwa maoni yetu wakata rufaa walikuwa sahihi kuhusu magari na wakakosea kuhusu foleni. Waliitetea barabara wakaitoa lifti, na huo ni uamuzi halali wa mji kujifanyia. Ila aliyeushangilia hana uso wa kumlaumu mgeni Desemba 28 kwa kusimama naye chini ya Silverlode.

Kuhusu barabara wenyeji wana kesi nzuri zaidi, ingawa hata hapo mtuhumiwa mkuu ni saa kumi jioni. Njia za kuingia mjini ni mbili za maana, namba 224 kutoka barabara kuu ya I-80 na namba 248 kutoka mashariki, na zote zina taa. Asubuhi watu hufika kwa kujitawanya, kati ya saa mbili na saa tano. Jioni lifti zinafungwa saa kumi na wote wanataka kuondoka saa kumi na robo. Chukua maegesho ya magari 1,200 yenye tundu moja la kutokea kwenye taa. Taa ikitoa kijani sekunde 40 katika kila sekunde 120, na gari moja likitoka kila sekunde 2, ni magari 20 kwa zamu, zamu 30 kwa saa, magari 600. La mwisho linatoka saa kumi na mbili na robo, dereva ana njaa, mtoto analia, na theluji imeanza. Weka askari wa barabarani atoe sekunde 70 badala ya 40: magari 35 kwa zamu, 1,050 kwa saa, na eneo lote linakwisha kwa saa moja na dakika kumi hivi. Hakuna mgeni aliyepunguzwa. Au mpakie yuleyule kwenye basi. Basi lenye watu 40 linabeba abiria wa magari 20 yenye wawili wawili, yaani kijani kizima cha taa ile. Sharti lake basi lipite kwenye njia yake. Likichanganyika na magari, bure yake haina maana, kwa kuwa anayekaa kwenye foleni ndani ya gari lake walau ana redio yake.

Tangu msimu wa 2022–23 maegesho ya chini ya mlima ya Park City Mountain yamekuwa ya kuweka nafasi na kulipia, dola 25 kwa kuanzia, bure kwa gari lenye watu 4 au zaidi. Ni hatua nzuri, maana imewafanya watu wapakizane. Madhara yake yanajulikana kwa kila aliyewahi kuweka geti: anayekwepa kulipa huenda kuegesha mtaani kwa watu, mji ukaongeza vibali vya wakazi na faini.

Na mtaani ndiko mgeni anakokutwa na hatia, bila kigugumizi. Mitaa ya Old Town, sehemu kongwe ya mji, ilichorwa enzi za wachimbaji. Ni miembamba, ina miinuko mikali, nyumba zimekaribia lami. Greda la theluji lina bapa la karibu mita 3. Familia mbili zimepanga nyumba moja kwa usiku nne, zimekuja na magari matatu, nyumba ina nafasi ya gari moja. La pili limeegeshwa upande usioruhusiwa, la tatu limechomoza nyuma nje ya mstari. Greda likifika alfajiri linaangalia, linaruka kipande kile, linaendelea. Mchana matairi yanaisindilia theluji iliyobaki, usiku inaganda kuwa barafu, kesho yake mtaa umepungua upana kwa mita nzima. Lori la taka linashindwa kupita, mapipa yanafurika. Siku ya tatu ni gari la wagonjwa linalorudi kinyumenyume kwenye mteremko. Kosa la gari moja limekuwa la mtaa mzima, na mwenye nyumba aliyepokea malipo yuko jimbo jingine. Kwa hiyo hata hapa mgeni ana mshirika. Mwenye nyumba angeandika mistari minne kwenye ujumbe wa kumkaribisha mgeni, yaani magari mangapi, upande gani wa mtaa, taka zinatolewa siku gani na koleo la theluji liko wapi, nusu ya kisa hiki isingetokea.

Matairi nayo. Gari la kukodi kutoka uwanja wa ndege mara nyingi lina matairi ya misimu yote, na mgeni hudanganywa na neno la kuendeshwa kwa magurudumu manne. Magurudumu manne yanasaidia kuondoka, hayasaidii kusimama. Kwenye mteremko wa barafu gari zito lenye kashata za matairi zilizolika huteleza kama jingine lolote, na likikaa kiubavu kwenye mtaa wa njia moja, basi la abiria lililo nyuma yake limekwama na watu wake wote. Hapo kampuni za kukodisha zina la kujibu kuliko dereva aliyetoka Florida jana.

Sasa kitanda. Zaidi ya nusu ya nyumba ndani ya mji si makazi ya mtu ya mwaka mzima, na nyumba ya kawaida ya familia inauzwa kwa mamilioni ya dola. Anayepika, anayetandika, anayeendesha basi na anayebonyeza kitufe cha lifti wengi wanalala miji ya jirani, Heber, Kamas au Salt Lake City, na asubuhi wanapanda mlima kwa barabara zilezile mbili, saa zilezile za mgeni. Katika foleni inayolaaniwa kama ya watalii, sehemu yake ni watu wanaokwenda kuwahudumia hao watalii. Theluji ikifunga alfajiri bonde la Parleys, linalopitiwa na barabara ya kutoka Salt Lake City, I-80 inasimama, mpishi hafiki, mkahawa unafungua nusu ya meza, na foleni ya chakula cha mchana inaandikwa kwenye hesabu ya wageni.

Vituo hutegemea pia vijana wa vyuo kutoka Peru na Argentina wanaoingia kwa viza ya kazi ya muda, kwa sababu likizo yao ndefu, kiangazi cha kusini, inaangukia Desemba hadi Machi. Wanataka pango la miezi minne. Mwenye nyumba anataka la mwaka, au la usiku. Chukua nyumba ya dola 700 kwa usiku: wiki mbili za Krismasi peke yake zinaleta dola 9,800. Mwanafunzi anayelipwa kwa saa hawezi kushindana na namba hiyo hata wakibanana wanne chumbani. Makazi ya wafanyakazi yaliyojengwa karibuni upande wa Canyons wa Park City Mountain, Slopeside Village, yana vitanda zaidi ya 1,000, na yamepunguza makali. Ni mfano wa kitu kilichochelewa miaka ishirini.

Wengine wanasema dawa ni kupiga marufuku nyumba za usiku. Utah ina kikwazo chake: tangu 2017 sheria ya jimbo inauzuia mji kumwadhibu mtu kwa sababu tu ametangaza nyumba yake mtandaoni, na tangazo peke yake halitoshi kumtia hatiani. Mji wa Breckenridge, Colorado, wenye sheria tofauti, uliweka kikomo cha leseni 2,200 mwaka 2021, ukiacha nje majengo fulani ya kitalii. Wenye nyumba walilia, na kilio chao hakikuwa cha uongo: wapo wastaafu walionunua kwa hesabu ya mapato hayo. Njia inayotuvutia zaidi ni ya Vail, mji wa Colorado na si ile kampuni, iliyoanza 2017. Mji unamlipa mwenye nyumba mara moja, naye anakubali sharti la kudumu kwenye hati: atakayeishi humo lazima awe anafanya kazi katika wilaya ile, angalau saa 30 kwa wiki. Hakuna kikomo cha bei ya kuuza. Hakuna anayenyang'anywa. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji fedha taslimu, na inanunua sharti bila kushusha bei. Fundi bomba atapata nyumba isiyogombewa na mtalii, ila bado ni ghali. Fedha yenyewe itatoka wapi? Kwenye kodi ya mgeni, bila shaka. Hapo mwenyeji anayemtaka mgeni apungue na mwenyeji anayetaka nyumba za wafanyakazi wanagongana, na mara nyingi ni mtu yuleyule.

Pasi za msimu, yaani tiketi moja ya kutelezea msimu mzima, ni shtaka jingine linalotajwa kila Desemba, nalo tulipitie upesi. Vail Resorts walipoanzisha Epic Pass mwaka 2008 waliiuza dola 579, na tangu hapo biashara yote imegeuka: unalipa kabla ya theluji, kampuni inalala usingizi hata mawingu yakikataa. Bei ya dirishani imepandishwa makusudi ili ununue pasi. Aliyekwisha kulipa huona kila siku ni ya bure, na huja hata kwa saa mbili. Kweli, pasi imejaza mlima. Lakini mwenyeji naye anayo mfukoni, na ukiigawa kwa siku anazoteleza, imemgharimu sehemu ndogo ya bei ambayo wazazi wa mtoto kutoka mbali wanatozwa dirishani. Zipo pasi nafuu zinazofungiwa siku za kilele, baada ya Krismasi hadi mwisho wa mwaka na wikendi chache za Januari na Februari. Wengi wangependa siku hizo ziongezwe. Zinafanya kazi, ila anayebaki nje ya geti ni mwalimu, mwenye likizo ya majira ya baridi siku hizohizo. Mwenye pasi kamili anapita.

Vivyo hivyo na kikomo cha idadi. Deer Valley kwa miaka mingi ilijulikana kwa kuacha kuuza tiketi ikifika watelezaji 7,500 kwa siku, na ndani kulikuwa na raha. Bei ilikuwa ya raha hiyo. Nje ya geti, barabara ya kwenda Deer Valley ni ya kila mtu, na kikomo cha mlimani hakikupunguza gari hata moja la aliyekuja kula Main Street.

Tukiulizwa kianzwe nini, jibu letu ni taa za kutokea maegeshoni, njia ya basi, na kununua masharti ya nyumba. Lifti kubwa zije baada ya hayo, nazo zije. Kuhesabu vichwa mwishoni.

Mji una jaribio la bure mbele yake. Tamasha la filamu la Sundance lilikuwa Park City tangu 1981, likijaza Main Street kila Januari, na wakazi walilinung'unikia miaka yote, japokuwa wiki hiyo mlimani kulikuwa kweupe kwa sababu wageni wamejifungia kumbini. Machi 2025 ilitangazwa kwamba kuanzia 2027 linahamia Boulder, Colorado. Walionung'unika wakawa kati ya waliosikitika. Mwisho wa Januari 2027 Main Street itakuwa na nafasi ya kuegesha, na makusanyo ya kodi ya mauzo ya mwezi huo yatalinganishwa na ya miaka iliyotangulia, mstari kwa mstari.